Habari ilifika, maelekezo hayakufika: kisa cha taarifa ya ugonjwa wa Maalim Seif

Jumapili ya Januari 31, 2021, chama cha ACT-Wazalendo kilitoa taarifa kwamba mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, amepimwa na kukutwa na Korona, yeye na mkewe pamoja na baadhi ya wasaidizi wake, na kwamba tangu Ijumaa ya tarehe 29 amelazwa Hospitali ya Mnazi Mmoja chini ya uangalizi wa madaktari. Kwengine duniani, wakati ule, habari ya namna hiyo ilikuwa imeshazoeleka. Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa ameugua na kutangazwa, Rais wa Marekani ameugua na kutangazwa, wa Brazil hali kadhalika. Kwetu ilipokelewa kama radi. Maalim alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na nchi aliyokuwa akiitumikia ilikuwa ndani ya Jamhuri ya Muungano ambayo msimamo wake rasmi ulikuwa kwamba ugonjwa huo umeshaondoka.

Baada ya siku kumi na saba, Jumatano ya Februari 17, Maalim alifariki dunia.

Mtu akitaka kuandika juu ya mawasiliano wakati wa mgogoro Zanzibar, mkono unakimbilia Oktoba 2015, pale Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alipotokea kwenye televisheni kufuta uchaguzi. Kisa kile kimeshachambuliwa mpaka kimebaki mifupa. Hiki cha 2021 hakijatazamwa sana, pengine kwa sababu kinaonekana cha afya wakati ndani yake ni cha siasa mtupu, na pengine kwa sababu kinagusa msiba ambao wengi hawajamaliza kuulia. Mimi naona kinafundisha zaidi. Kwenye cha Jecha alisema mwenye mamlaka na wananchi wakabaki kubishana kama alikuwa nayo. Kwenye hiki alisema asiyekuwa na mamlaka ya kusema, akaaminiwa na karibu kila mtu, na bado kuaminiwa kwake hakukutosha.

Tuanze na hali ya hewa ya habari ilivyokuwa, maana bila hiyo taarifa ile haieleweki uzito wake.

Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, hospitali zake na waziri wake, na kisheria waziri wa afya aliyeko Dodoma hana amri hata juu ya kituo kimoja cha afya Unguja wala Pemba. Mwaka 2020 jambo hili lilionekana wazi kwa muda mfupi. Hesabu ya mwisho ya wagonjwa kutoka Bara ilitolewa Aprili 29, ikawa jumla ya 480. Zanzibar iliendelea. Mei 7 ilitangaza wagonjwa wengine 29, na hapo ndipo ilipopatikana ile 509 iliyoganda kwenye majedwali ya dunia kwa zaidi ya mwaka mzima. Kwa lugha nyengine, sauti ya mwisho ya serikali kutaja idadi ya wagonjwa Tanzania ilitoka visiwani. Baada ya hapo na visiwani pakanyamaza.

Kwa nini pakanyamaza? Mei 3 Rais John Magufuli, akiwa Chato, alikuwa ameshaitilia shaka maabara ya taifa kwa kueleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kwa siri na kuonekana zina virusi. Mkuu wa maabara alisimamishwa kazi. Mwezi wa Juni Rais akatangaza kwamba Mungu amejibu maombi. Kisha zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, ambazo miongoni mwa makatazo yake ni kusambaza habari za mlipuko wa maradhi hatari bila ya ruhusa ya mamlaka. Afya si ya Muungano, lakini simu na posta ni za Muungano, kwa hiyo mtandao anaoutumia mtu wa Wete, Pemba, unasimamiwa na mamlaka ile ile inayosimamia wa Mwanza. Serikali ya Zanzibar ilikuwa na haki ya kutibu na haki ya kuhesabu. Uwanja wa kusemea ndio uliokuwa wa wote, na mwenye nguvu kwenye uwanja huo alikuwa ameshasema.

Halafu Oktoba. Uchaguzi wa 2020 uliacha maiti na majeruhi, Pemba hasa, na mitandao ya kijamii ikabanwa usiku wa kuamkia kura. Watu wa makamo ambao kabla ya hapo walikuwa wanamwomba mjukuu awafungulie WhatsApp walijikuta wanajifunza kutumia VPN, programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, ndani ya siku mbili. Hili si jambo dogo kwa mchambuzi wa mawasiliano. Jamii ilitoka kwenye uchaguzi ule ikiwa imeshazoea kwamba habari yenye maana haiji kwa mlango wa mbele.

Disemba 8 Maalim Seif aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ya CCM na upinzani pamoja, ikaanza tena. Wapo wafuasi wake waliolia kwa furaha na wapo waliomkasirikia. Serikali hiyo haikuwa imetimiza hata miezi miwili taarifa ya ugonjwa ilipotoka.

Sasa tuitazame taarifa yenyewe, na kwanza tumtazame msemaji.

Maalim alikuwa na kofia mbili. Alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, mwenye ofisi, maafisa habari na nafasi kwenye shirika la utangazaji la Zanzibar, ZBC, na gazeti la Zanzibar Leo. Alikuwa pia mwenyekiti wa chama. Habari ya Makamu wa Rais kulazwa ni habari ya serikali, na kwa utaratibu wa kawaida hutangazwa na serikali. Ilitangazwa na chama. Taarifa ilikuja kwa jina la ACT-Wazalendo, ikimtaja kwanza kama mwenyekiti, na hilo ndilo lililowezesha kila kitu kilichofuata. Ofisi ya Makamu ingetoa taarifa hiyo, ingekuwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inakiri kuwepo kwa ugonjwa ambao Ikulu ya Muungano inasema haupo. Chama kilipotoa, ikawa ni chama kinaeleza hali ya mtu wake. Rais wa Zanzibar, Hussein Mwinyi, hakulazimika kuthibitisha wala kukanusha. Hakukanusha.

Naliwekea uzito hili la kutokanusha, na najua wapo wasiokubaliana nami. Kuna ukimya wa kufunga mlango na kuna ukimya wa kuuacha umeegeshwa. Kama serikali ingeamka Jumatatu ikasema Makamu ana mafua tu, au ikawaita viongozi wa chama kwa kosa la kuleta taharuki, kisa hiki kingekuwa chengine kabisa, na Umoja wa Kitaifa ungekuwa mashakani ukiwa bado mchanga. Haikufanya hivyo. Kwa mazingira ya siku zile, kunyamaza huko kulikuwa na maana, na wananchi waliielewa. Mtu wa Zanzibar amelelewa kusoma kisichosemwa.

Kwa nini waliiamini? Jibu jepesi ni kwamba walimpenda Maalim. Lakini waliiamini pia wasiompenda, na hao ndio wa kuangaliwa. Nadhani sababu ni kwamba chama kilikuwa na cha kupoteza. Kilikuwa kimeingia serikalini juzi, kwa tabu, kikishutumiwa na watu wake wenyewe kwamba kimeuza damu za watu. Kutangaza habari ya kuikera Dodoma hakukuwa na faida yoyote ya wazi kwake. Mtu anayesema jambo linalomuumiza mwenyewe huaminiwa haraka kuliko mwenye kusema la kumfaa, na hii ni kanuni ambayo maafisa habari wetu wengi hawaijui, au wanaijua na hawaruhusiwi kuitumia.

Jengine ni kwamba taarifa haikuzunguka. Ilitaja mtu, ugonjwa, hospitali na tarehe ya kulazwa, na ilimtaja mkewe na wasaidizi. Katika wiki zile misiba ilikuwa imeanza kuongezeka, na matangazo ya vifo yalijaa "changamoto ya upumuaji" na "homa ya mapafu". Kila aliyesoma alijua kinachokusudiwa na hakuna aliyekuwa na ushahidi. ACT waliliita jina lake.

Haki yao wapewe na waliowatangulia. Siku tano kabla, Januari 26, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilikuwa limeshatoa waraka wa kuwatahadharisha waumini juu ya wimbi jipya. Kwa hiyo ACT hawakuwa wa kwanza kusema kwamba maradhi yapo. Walichokuwa wa kwanza nacho ni kusema yapo kwa nani, na huyo nani alikuwa mkubwa.

Njia iliyopita habari ile ni ya kwetu kabisa. Picha ya karatasi, imepigwa kwa simu, ukingo mmoja umepinda, muhuri unaonekana nusu, na juu yake kile kialama cha mishale miwili kinachoonyesha kwamba ujumbe umeshapitishwa mara nyingi. Chini yake sauti ya mtu asiyejitaja, dakika nzima anavuta pumzi kabla hajasema: "Jamani, mimi nimeulizia kwa mtu wa pale pale." Kisha kundi la familia, kundi la waliosoma pamoja skuli, kundi la msikiti. Mchana ikawa imeshafika kwenye mabaraza, vile vikao vya kahawa vya mitaani, na jioni wazee wakasubiri redio za nje. Idhaa za Kiswahili za London, Bonn na Washington zilikuwa na kazi moja Zanzibar ambayo hazikuiomba. Jambo lisemwe na yeyote hapa, mzee alikuwa akilala nalo mpaka alisikie huko.

Mabaraza yetu yana ubao. Maskani ya Kisonge, Michenzani, ya wafuasi wa CCM, inajulikana kwa ubao wake, na maneno yake ya kuchoma yameshaleta kesi nyingi za midomo. Jaws Corner, Mji Mkongwe, upande wa pili wa siasa, nako kuna kahawa, televisheni na mbao za kuandikia. Ni vyombo vya habari vya chaki, na vina sifa moja ambayo ZBC haina: aliyeandika yupo hapo hapo, anakunywa kahawa, unaweza kumuuliza. Mtaalamu anayepanga mkakati wa mawasiliano wa Zanzibar kutoka ofisini, akaorodhesha redio, televisheni, gazeti na mitandao, akasahau baraza, ameacha nje pale habari inapohakikiwa. Redio hutangaza, baraza ndilo huamua kama ni kweli.

Basi hiyo ni nusu ya kwanza ya kisa, na mpaka hapo ni kisa cha mafanikio. Habari ngumu ilitoka, ilieleweka, iliaminiwa, haikuleta fujo wala kuvunja serikali.

Nusu ya pili inaanza kesho yake.

Jumatatu, Februari 1, Waziri wa Afya wa Muungano, Dk. Dorothy Gwajima, alikutana na waandishi wa habari Dodoma. Alisema wizara haina mpango wa kupokea chanjo ya Korona. Siku chache kabla, Januari 27, Rais Magufuli alikuwa amezishutumu chanjo hizo akiwa Chato, kwa hiyo hilo halikushangaza. Kilichobaki kwenye kumbukumbu ni mashine ya kusagia. Mbele ya kamera palitengenezwa kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili, na viongozi wakanywa kuonyesha namna ya kujikinga.

Watu walicheka, mimi pamoja nao. Lakini ukiutazama mkutano ule kwa jicho la kazi, ulikuwa na kitu ambacho taarifa ya chama haikuwa nacho. Ulimwambia mtu fanya nini. Nenda sokoni, nunua tangawizi, saga, kunywa. Mama wa Kengeja, Pemba, akitazama alipata kazi ya kufanya jioni ile ile. Taarifa ya ACT ilimpa ukweli na ikamwacha nao mikononi. Afanyeje nao? Amwombee Maalim, ndiyo. Na yule jirani anayekohoa tangu juzi, aende kwake au asiende? Harusi ya Jumamosi iendelee? Mzee apelekwe hospitali siku ya ngapi ya homa?

Siwalaumu chama. Chama hakina maabara wala masheha, wale viongozi wa serikali wa mitaa na vijiji. Hakina namba ya simu ya kumjibu mtu usiku wa manane, wala daktari wa wilaya wa kumtuma Micheweni. Kinaweza kusema kweli juu ya mtu mmoja. Hakiwezi kuiongoza shehia. Mwenye vyombo hivyo ni Wizara ya Afya ya Zanzibar, na wizara hiyo ilikuwa imesimama kwenye kichochoro chembamba: kisheria iko huru, kisiasa imefungwa. Hesabu zilizokatika Mei 2020 hazikurejea, hata baada ya mtu wa pili katika nchi kulazwa katika hospitali iliyo chini ya wizara hiyo hiyo. Na mwananchi wa kawaida hajui mipaka ya mambo ya Muungano anapotazama televisheni. Waziri wa afya ni waziri wa afya. Asiye na amri juu ya Zanzibar ndiye aliyesikika Zanzibar, na mwenye amri hakusikika.

Hapo ndipo ninapoukata mzizi wa kisa hiki. Tunapenda kusema tatizo la siku zile lilikuwa kuficha habari. Habari haikufichika, kufikia katikati ya Februari hakuna mtu mzima Unguja aliyekuwa hajui. Tatizo ni kwamba ukweli ulitoka mdomo mmoja na maelekezo yakatoka mdomo mwengine, na midomo hiyo miwili ilikuwa inapingana. Mwenye kuaminiwa hakuwa na uwezo wa kuelekeza. Mwenye kuelekeza hakuwa anakubali kwamba ugonjwa upo.

Februari 9 Maalim alihamishiwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Siku zile uvumi ulikuwa mwingi kuliko habari, na sina haja ya kuurudia, maana mengi yaliyosemwa yalikuwa ya kumuua mtu kabla ya siku yake. Natoa angalizo moja tu la kikazi. Ukishafungua mlango wa kutoa hali ya mgonjwa, umejifunga kuendelea kuitoa. Taarifa ya kwanza hujenga kiu, na kiu isiponyweshwa kwa ratiba, wenye sauti zisizo na majina huinywesha.

Kifo kilitangazwa na Rais Mwinyi mwenyewe, kwenye televisheni. Alisema Maalim amefariki Muhimbili, alikokuwa akitibiwa tangu Februari 9. Alitangaza maombolezo ya siku saba na bendera kupepea nusu mlingoti. Hakutaja maradhi.

Wapo waliomlaumu palepale. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na nikilitazama kama mwandishi wa hotuba aliyepewa kazi ile asubuhi ile, naona alikuwa na njia tatu. Angetaja Korona, akafungua ugomvi na Ikulu ya Muungano siku ya msiba. Angetaja maradhi mengine, akasema uongo mbele ya watu waliosoma taarifa ya Januari 31, na Umoja wa Kitaifa ukaanza kuoza siku hiyo hiyo. Au angeacha. Aliacha, na kwa kuacha aliiachia taarifa ya chama ibaki kuwa neno la mwisho. Kama kazi ya siasa, ilikuwa imefanywa kwa uangalifu. Kama kazi ya afya ya jamii, ilikuwa fursa iliyopotea, tena fursa kubwa kuliko zote, kwa sababu saa ile kila redio visiwani ilikuwa wazi na kila mtu amenyamaza anasikiliza.

Siku hiyo hiyo ya Februari 17 akafariki pia Katibu Mkuu Kiongozi wa Muungano, Balozi John Kijazi, Dodoma. Nchi ikawa na misiba miwili mikubwa kwa siku moja, na maswali yakawa hayazuiliki tena.

Kisha mazishi. Alhamisi ya tarehe 18 jeneza lilitoka Dar es Salaam, likapita Unguja, likafika Pemba, na Maalim akazikwa kwao Mtambwe, alikozaliwa mwaka 1943. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa umati. Watu walitembea kwa miguu, walipanda magari ya ng'ombe, walijaa barabarani kumsubiri mtu ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini walikuwa wakimsubiri barabarani. Kumzika Muislamu ni faradhi ya kutoshelezana, wakiitimiza baadhi imewatosha wote, lakini kwa Maalim hakuna aliyetaka kutoshelezewa. Kila mmoja alitaka kutia udongo kwa mkono wake.

Mchambuzi akiwa na moyo hawezi kuliandika hili kwa baridi, lakini lazima aliandike. Mazishi yale nayo yalikuwa ujumbe. Mwaka 2020, kabla ya ukimya, watu waliona mazishi ya waliokufa kwa Korona: watu wachache, mavazi meupe, magari ya serikali, usiku. Hiyo ndiyo picha iliyokuwa vichwani mwao ya kifo cha ugonjwa ule. Walipoona kiongozi anazikwa mchana, maelfu wamebanana, viongozi wa pande zote wapo safu ya mbele, macho yaliwaambia jambo ambalo masikio hayakuambiwa: kwamba hakuna cha kuogopa. Hakuna aliyekusudia kusema hivyo. Wala sidhani kama mkono wowote wa dola ungeweza kuuzuia umati ule bila ya kumwaga damu, na baada ya Oktoba hilo lilikuwa halifikiriki. Lakini kati ya kuzuia na kuacha pana mengi. Pangeweza kuwa na safari ya jeneza ya polepole zaidi, sala katika viwanja kadhaa ili watu wasikutane pamoja, kipaza sauti cha imamu kusema vaeni barakoa kwa ajili ya huyu tunayemzika. Imamu angesikilizwa. Angesikilizwa kuliko waziri yeyote.

Yaliyofuata Bara nitayapita upesi. Februari 19, kwenye msiba wa Balozi Kijazi, Rais Magufuli alizungumzia magonjwa ya upumuaji na kutaka siku tatu za maombi. Jumapili ya tarehe 21, kanisani Dar es Salaam, alisema serikali haijakataza barakoa, ila akahimiza zile zinazotengenezwa nchini, na siku hiyo hiyo Wizara ya Afya ikatoa tahadhari za kujikinga. Ubalozi wa Marekani ulikuwa umeshaonya tangu tarehe 10 kuhusu ongezeko la wagonjwa, na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani akatoa wito wake tarehe 20. Lugha ilikuwa imeanza kulegea. Siwezi kusema ni taarifa ya Januari 31 iliyoilegeza. Ninachoweza kusema ni kwamba baada yake hakuna aliyeweza tena kusema haupo bila ya kuulizwa: na Maalim?

Ukitaka kuona thamani ya ile karatasi ya chama, iweke pembeni ya mwezi uliofuata. Rais Magufuli alionekana hadharani kwa mara ya mwisho Februari 27. Wiki mbili nzima nchi ikabaki inanong'ona. Machi 12 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa msikitini Njombe, aliwahakikishia watu kwamba Rais yupo, mzima, anachapa kazi. Watu walikamatwa kwa kueneza habari za ugonjwa wake. Machi 17 usiku Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Makunduchi, akatangaza kifo, akitaja maradhi ya moyo. Sina la kuongeza juu ya maradhi yenyewe. Juu ya mawasiliano nina moja: wapo mpaka leo wasioamini hata tarehe. Kwa Maalim hakuna ubishi wa namna hiyo. Watu wanabishana juu ya siasa zake, juu ya kuingia kwake serikalini, juu ya kuhama chama chake cha zamani, CUF. Hawabishani alilazwa lini wala alikuwa anaumwa nini. Karatasi moja ya Jumapili ilifanya kazi hiyo.

Ningekuwa na nafasi ya kurudi nyuma, nisingeigusa taarifa ya chama hata nukta. Ningeandika ya pili, ya Wizara ya Afya ya Zanzibar, na ningeitoa kabla ya Ijumaa ya Februari 5, ipelekwe kwa masheha na maimamu isomwe kabla ya sala. Isingehitaji kutaja Maalim, wala hesabu, wala kumjibu mtu wa Dodoma. Ingekuwa hivi:

"Ndugu wananchi, wiki hizi kuna maradhi ya kifua yanayoambukiza. Mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani, asiende msikitini, sokoni wala msibani mpaka apone, na hana dhambi kwa hilo. Wanaomuuguza wawe wawili tu, wafungue madirisha, wafunike pua na mdomo, wanawe mikono kwa sabuni. Akianza kuhema kwa tabu, au midomo ikibadilika rangi, msingoje asubuhi na msimfukize. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Sheha wenu anayo namba ya daktari wa wilaya."

Hakuna neno hata moja humo ambalo mwanasheria wa serikali angeliwekea wino mwekundu. Halithibitishi mlipuko wala halikanushi kauli ya mtu. Mama wa Kengeja angepata kazi ya kufanya, na yenye manufaa kuliko pilipili. Na kwa kuwa ingesomwa siku tano baada ya taarifa ya chama, kila msikilizaji angeziunganisha mwenyewe, kimya kimya, kama tulivyozoea.

Kipo kifungu kimoja ambacho ningekipigania mpaka mwisho kama mtu wa itifaki angetaka kukikata: "na hana dhambi kwa hilo." Kwetu mtu haachi msiba kwa sababu ya homa. Akiacha atasemwa, na kusemwa Pemba si jambo la kupuuza. Bila ya ruhusa hiyo kutoka kwa mwenye heshima ya dini, maelekezo mengine yote ni mapambo.

Machi 2021 nafasi ya Makamu wa Kwanza alipewa Othman Masoud Othman, na Wizara ya Afya ya Zanzibar ikaja kuongozwa na Nassor Ahmed Mazrui, wa ACT-Wazalendo. Chama kilichokuwa na ukweli bila vyombo kikawa sasa kimekabidhiwa na vyombo. Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu mwezi Aprili, hesabu za wagonjwa zikaanza kutajwa tena mwishoni mwa Juni, na Julai 28 akachanjwa mbele ya kamera. Kwa Zanzibar kazi iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi kuliko kuagiza chanjo: kuwaambia watu waliozika Mtambwe bila barakoa, na wakarudi salama majumbani mwao walio wengi, kwamba sasa waogope kidogo.